Ndago na jamaa zake wa mbugani: muda wa maji ndio unaoamua

Mkulima wa mpunga wa Bahi akisema shamba lake limevamiwa na ndago, na mkulima wa mboga wa Makutupora akalalamika hivyohivyo, huenda wanazungumzia mimea miwili yenye tabia tofauti kabisa. Wa kwanza huota kwa mbegu ndogo mno kwenye matope ya jaruba, hutoa maua, humwaga mbegu na kufa kabla kiangazi hakijashika. Wa pili karibu hautegemei mbegu; unaweza kukaa chini ya ardhi miezi yote ya jua kali bila jani hata moja juu, kisha ukachomoza baada ya mvua ya kwanza. Wa kwanza unadhibitiwa kwa maji, wa pili kwa jua na kivuli. Wakulima hao wawili wakipeana ushauri, kila mmoja atampotezea mwenzake msimu.

Nimeona pesa nyingi zikitupwa kwenye dawa na vibarua kwa sababu ya mkanganyiko huu, na nimeona pia watu wakichoma na kung'oa mimea ya mbugani ambayo ingewafaa. Mimea hiyo yote ni ya jamii moja. Anayejua maji yanafika lini shambani kwake, yanakaa kwa muda gani na yanaondokaje, ataweza kukisia ni ndago ipi itaota hapo na aishughulikie vipi.

Tuanze kwa kuitambua jamii yenyewe. Shika shina karibu na ardhi, uliviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Nyasi za kweli, kama mpunga, ulezi au ukoka, zina shina la mviringo lenye vifundo, na mara nyingi lina uwazi ndani. Mimea ya jamii ya ndago, ambayo wataalamu huiita Cyperaceae, kwa kawaida ina shina la pembe tatu lisilo na kifundo tangu chini mpaka kwenye ua, na ndani limejaa kiini laini cheupe. Majani yake hupangika kwa pande tatu, wakati ya nyasi hupangika kwa pande mbili. Jamii hii ina spishi zaidi ya 5,000, kwa hiyo wapo wanaokiuka kanuni. Kuna ndago za mbugani zenye shina la mviringo kabisa. Lakini kwa zile zinazowasumbua wakulima wa Dodoma na Singida, vidole vyako vitatosha.

Kwa kipimo hicho, matete si ndago. Yana vifundo, ni nyasi. Ukindu wa kusukia mikeka unatoka kwenye mkindu, ndugu wa mtende. Gugumaji linaloelea ziwani kwa maua ya zambarau halina undugu wowote na hawa. Mafunjo, yale marefu yenye kishada cha nyuzi za kijani kileleni, ni ndago halisi. Ndiyo ndago kubwa kuliko zote tunazozifahamu hapa, na hufikia urefu wa mita nne hadi tano.

Kuishi kwenye matope

Udongo ukijaa maji, vijidudu vilivyomo humaliza oksijeni kwa muda mfupi, na maji hayaruhusu hewa mpya kupenya upesi. Mizizi ya mahindi ikikaa hapo siku kadhaa hukosa pumzi, majani hugeuka manjano, na mkulima hudhani mbolea imepungua. Ndago za maji zinavuka tatizo hili kwa njia za hewa zilizo ndani ya mmea wenyewe. Kiini cha shina na mizizi kina mianya mingi, na kupitia mianya hiyo oksijeni hushuka kutoka kwenye sehemu zilizo juu ya maji hadi kwenye ncha za mizizi.

Sehemu ya oksijeni hiyo huvuja na kuingia kwenye matope. Ng'oa ndago iliyokua kwenye maji yaliyosimama, isuuze taratibu, na mara nyingi utaona mizizi imepakwa rangi nyekundu ya kutu. Ni kutu kweli. Madini ya chuma yaliyoyeyuka kwenye matope yanapokutana na oksijeni inayovuja, huganda na kuushika mzizi. Mmea hunufaika, kwa sababu chuma kilichoyeyuka kwa wingi ni sumu kwa mizizi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtu anayevuna ndago kwa ajili ya kusuka au kuezekea. Ukikata mashina chini ya usawa wa maji, maji huingia kwenye mianya na kuziba njia ya hewa, na kikonyo, yaani shina linalotambaa ndani ya matope, hukosa pumzi. Kata juu ya maji, acha kisiki kipumue. Kwa upande mwingine, mkulima anayetaka kuziangamiza anaweza kutumia siri hiyohiyo kwa kuzikata chini kabisa na kuzizamisha.

Kalenda ya maji

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Jua na upepo vinaweza kunyonya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Kwa hesabu hiyo hapangekuwa na ardhioevu yoyote. Mbuga zetu zinaishi kwa maji ya kuletewa. Mto Bubu hukusanya maji ya upande wa Kondoa na kuyamwaga kwenye mbuga ya Bahi; Wembere, upande wa Singida na Tabora, hutambaa polepole kuelekea Ziwa Kitangiri. Udongo mweusi wa mfinyanzi ndio unaoyashikilia maji hayo. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu. Mvua zikianza, huvimba na kujifunga, maji yakabaki juu.

Mafunjo hayawezi kuvumilia ratiba ya namna hiyo. Yanataka maji mwaka mzima, jua kamili, na maji yasiyo na chumvi nyingi. Misitu yake mikubwa nchini iko Malagarasi na Moyowosi, na kwenye ghuba za Ziwa Victoria, ambako vikonyo vyake husukana mpaka vikaelea kama jukwaa juu ya maji. Maji yakishuka kwa muda mrefu, jukwaa hukaa chini, hukauka, na mifugo na moto humalizia. Lakini mbegu zake zinahitaji tope tupu ili zichipue. Kwa hiyo kushuka kwa maji kunakoua mafunjo makubwa kunaweza pia kufungua nafasi kwa machanga, mradi maji yarudi kwa wakati. Katikati ya Tanzania maji huchelewa mno kurudi. Anayetaka mafunjo Dodoma ayapande kwenye bwawa au dimbwi lisilokauka. Achukue kipande cha kikonyo chenye chipukizi, akizike kwenye tope lenye maji ya kina cha kiganja hivi, mahali penye kinga ya upepo. Kusubiri mbegu ni kazi ya bure.

Kwenye mbuga zinazofurika kwa miezi michache na kukauka, zinazoshinda ni ndago za aina mbili. Kuna za mwaka mmoja, zinazokimbiza maisha yao yote ndani ya kifuku, na kuna za kudumu, zinazoficha akiba yao chini ya ardhi. Wafugaji wanazifahamu vizuri, maana mbuga hubaki kijani wiki nyingi baada ya milima kugeuka kahawia, na mifugo huteremshwa huko. Mbuga inapofurika, kambare huingia kwenye maji mafupi yenye ndago kutaga mayai, na vifaranga hujificha humo. Kanga, kwale na ngiri huja maji yakishaondoka, kuchimbua vinundu vya akiba vilivyo chini ya ardhi.

Chumvi nayo ina sauti. Maji yakikosa njia ya kutoka, hupotea hewani na kuacha chumvi yake nyuma, mwaka baada ya mwaka. Maziwa Singidani na Kindai pale mjini Singida ni ya chumvi, na hata bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lina maji yenye chumvichumvi. Mahali pa namna hii mafunjo hayana nafasi. Kwenye kingo za maji ya magadi ya Bonde la Ufa hustawi ndago fupi iitwayo Cyperus laevigatus, yenye shina jembamba na maua yanayoonekana kama yametokea ubavuni mwa shina. Ukiiona imetawala eneo unalotaka kulima mpunga, pima kwanza chumvi ya udongo kabla hujanunua mbegu.

Ndago za jarubani na ndago ya bustani

Hapa ndipo fedha zinapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwenye majaruba ya mpunga adui wa kawaida ni ndago za mwaka mmoja, hasa Cyperus difformis, yenye vichwa vya mviringo vilivyobanana, na Cyperus iria, yenye kishada kilichotawanyika cha rangi ya manjano. Kila mmea hutoa mbegu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Mbegu hizo huota juu ya tope lililo wazi linalopata mwanga. Zikifunikwa na maji ya kina cha sentimita tano hadi kumi mapema, nyingi hushindwa. Kwa hiyo shamba lisilosawazishwa hujipandia magugu lenyewe. Pale palipoinuka hubaki tope tupu, na ndago huota hapohapo, wakati palipobonyea pako safi. Kusawazisha jaruba, kupandikiza miche ya wiki tatu hivi badala ya kumwaga mbegu, na kushika maji mapema kutakusaidia kuliko palizi ya tatu. Palizi ifanyike kabla ya maua. Dawa kama 2,4-D huzipata hizi za mwaka mmoja zikiwa changa, na kwa kuwa hazina kitu chini, zikifa zimekufa.

Sasa ndago ya bustani, Cyperus rotundus. Hii ni fupi, ya rangi ya kijani kilichokolea, na maua yake yana wekundu wa damu ya mzee. Chini ya ardhi ina mtandao wa vinundu vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi ngumu, kimoja baada ya kingine, vingi vikiwa ndani ya sentimita 15 za juu. Wataalamu wa magugu wameihesabu miongoni mwa magugu mabaya kuliko yote duniani, na sababu iko kwenye mnyororo huo.

Vinundu vilivyounganishwa havichipui vyote pamoja. Kilichochipua kwanza huvizuia vilivyo nyuma yake, navyo hukaa kimya, hai, vikingoja. Trekta au jembe likipita mara moja na kuukata mnyororo, kila kinundu huachiliwa kutoka kwenye kizuizi hicho na kuchipua kivyake. Mkulima aliyelima vizuri na kuondoka hurudi baada ya wiki mbili na kukuta ndago zimeongezeka, akaamini amerogwa. Dawa zinazopenya mpaka mizizini, kama glifosati, huua vinundu vyenye majani yanayofanya kazi. Vile vilivyolala haviguswi, kwa hiyo upuliziaji mmoja haumalizi kazi. Dawa inayounguza majani tu haifiki kwenye vinundu kabisa. Nailoni nyeusi ya kutandaza kwenye matuta hutobolewa na chipukizi lake lenye ncha kali. Ukiifurikisha kwa maji yaliyosimama itadumaa, lakini vinundu vinaweza kusubiri mpaka maji yaondoke.

Ina udhaifu wa aina mbili, na Dodoma tunaweza kuutumia wote. Wa kwanza ni ukavu. Kinundu kilichotolewa nje na kukaushwa na jua kwa siku kadhaa mfululizo hufa. Kiangazi chetu ni cha miezi sita au zaidi, nacho ni silaha ambayo wakulima wa nchi za mvua za mwaka mzima hawana. Lima wakati udongo umekauka, leta vinundu juu, viache viungue, kisha rudia tena, maana vya chini hubaki. Kulima udongo ukiwa na unyevu ni kuvisambaza tu. Udhaifu wa pili ni kivuli. Ndago hii ni mmea wa jua kali, na ikifunikwa hudhoofika na kutengeneza vinundu vichache. Mahindi yaliyopandwa kwa nafasi kubwa huiachia mwanga wote. Kunde, maboga au viazi vitamu vinavyotambaa na kuziba ardhi mapema huinyima.

Ukiunganisha hayo na palizi ya mara kwa mara, kabla majani mapya hayajapata muda wa kurudisha akiba chini, utaipunguza msimu baada ya msimu. Kuimaliza kabisa kwa msimu mmoja sijawahi kuona, na ningemwogopa muuzaji anayeahidi hivyo. Kagua pia vinavyoingia shambani. Udongo wa miche, samadi na plau la kukodi ndivyo vinavyohamisha vinundu kutoka kwa jirani hadi kwako.

Vinundu hivyo vina harufu ya manukato, na India na China vimetumika kwa karne nyingi kwenye tiba za asili na uturi. Ni faraja ndogo kwa mwenye bustani.

Ile inayolika

Ndago ya bustani ina pacha anayechanganya watu, Cyperus esculentus. Majani yanafanana. Maua yake ni ya manjano hadi hudhurungi, na kila uzi wa chini huishia na kinundu kimoja tu mwishoni, bila mnyororo. Kile cha rotundus ni kichungu. Hiki ni kitamu, kina mafuta na wanga. Wamisri wa kale walikila, masoko ya Ghana, Nigeria na Niger yanakiuza, na kule Valencia, Hispania, hutengenezwa kinywaji cheupe kinachofanana na maziwa. Hustawi kwenye kichanga chenye unyevu, huvunwa baada ya miezi mitatu hadi minne majani yanapokauka, na vinundu vya kupanda hulowekwa siku moja au mbili kwanza. Ningependa kuona vikundi vya wakulima wa Dodoma wakikijaribu, lakini wakitenge kwenye kipande chake chenye mpaka, kwa sababu vinundu vinavyobaki ardhini baada ya mavuno vitakuwa magugu ya zao linalofuata.

Uhusiano wetu na mimea hii ni mkongwe kuliko kilimo. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua Olduvai fuvu la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu aliyepewa jina la Zinjanthropus, mwenye magego makubwa ajabu. Uchunguzi wa kaboni kwenye meno ya jamaa zake umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka kwenye mimea yenye njia maalumu ya kutengeneza chakula kwenye joto na mwanga mkali. Nyasi nyingi za kitropiki zina njia hiyo, na mafunjo na ndago zenye vinundu pia. Ndago ni miongoni mwa vyakula ambavyo watafiti wanadhani kiumbe yule alikula.

Kusuka, kulinda, kusafisha

Iringa, kina mama wa Kihehe husuka vikapu kwa milulu inayovunwa kwenye mabonde yenye maji. Kanuni za mvunaji wa mimea ya namna hiyo ni chache. Chukua shina lililokomaa uache machanga, usirudie eneo lilelile mara kwa mara, kausha taratibu, na lainisha kwa maji kabla ya kusuka. Kwa mafunjo, kukata eneo moja zaidi ya mara moja kwa mwaka hupunguza akiba ya kikonyo, na mavuno yanayofuata huwa membamba.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za kingo za mito na maziwa shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu kingo hizo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha yake: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bahi na Wembere hazimo. Ulinzi wake unategemea sana vijiji vinavyozizunguka na mipango yao ya matumizi ya ardhi, na kwa maoni yangu mbuga zinazolisha watu na mifugo katikati ya ukame zinastahili uangalizi mkubwa zaidi ya huo.

Matumizi ambayo yangeleta faida ya haraka Dodoma mjini ni ya kusafisha maji ya jikoni na bafuni. Mizizi inayovuja oksijeni huwapa vijidudu mahali pa kufanyia kazi ya kuvunja uchafu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetafiti kwa miaka mingi ardhioevu za kutengenezwa zinazofuata kanuni hiyo. Kwa nyumba ya kawaida, chimba kitanda chenye kina cha nusu mita hivi na eneo la mita moja au mbili za mraba kwa kila mtu, tandika nailoni nzito, jaza kokoto, na weka mtego wa mafuta kabla ya bomba la kuingilia. Usawa wa maji ubaki sentimita chache chini ya kokoto ili mbu wasizaliane. Maji ya choo yasiingizwe humo.

Badala ya mafunjo panda Cyperus involucratus, ndago asili ya Afrika Mashariki ambayo wauza maua wanayo, yenye majani yaliyopangika duara kileleni. Huvumilia kukosa maji kwa siku kadhaa familia ikisafiri. Huhitaji kununua miche mingi. Kata kichwa kimoja na kipande kifupi cha shina, punguza majani kwa nusu, kigeuze juu chini ndani ya chombo cha maji, na mizizi itatokea katikati ya majani. Kisha kihamishie kwenye kokoto. Mashina yanayozeeka yakatwe na kutumika kama matandazo chini ya miembe na mipapai, na si kwenye mchicha au mboga nyingine inayogusa ardhi.